Siku Niliyomsoma Babu Ukweni

Nyinyi mnaoniona hapa Kibondo nikitembea na suti yangu ya kaki, naitikia shikamoo za watoto kila hatua, mjue kuna boma moja kule Kasulu ambako hadi leo nikitokea tu njiani watoto wanakimbia kuwaita wenzao waje kumwona yule mwalimu aliyeua uchumba wake kwa daftari, na siwezi kuwakemea kwa sababu hawajakosea hata neno moja.

Yalianzia kwenye kizuizi cha barabarani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakimbizi wamejaa, malori ya mahindi yanapishana barabara ya Kasulu usiku na mchana, na sisi wenyeji ambao majina yetu yanafanana na ya ng'ambo ya mpaka tukisafiri kidogo tu tunaulizwa maswali. Mimi ni Ntabindi, jina la babu nililoandikishiwa shuleni, wakati ule nafundisha shule ya msingi huko Murungu. Siku hiyo askari akaniuliza, "Wewe Muha au Mrundi? Babu yako wa wapi?" Nikamjibu babu yangu Ntabindi ni wa Murungu, kaburi lake lipo, kama anataka twende nikamwonyeshe. Akasema, "Na baba yake huyo babu?" Nikakosa jibu! Mwalimu wa historia mzima nikatoa macho, mbele ya mama mmoja muuza dagaa ambaye njia nzima nilikuwa namsimulia habari za wafalme wa zamani (alinitazama kwa huruma, nadhani hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi).

Basi nikanunua daftari kubwa la kaunta, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa AKINA NTABINDI, na kila Jumamosi nikawa napanda baiskeli kwenda kuwatafuta. Nilimwomba katekista anifungulie vitabu vya ubatizo, Kibondo kwanza, halafu Kasulu, vile vitabu vya zamani vyenye vumbi la kukohoza na mwandiko wa kalamu ya kuchovya, nikawapata akina Ntabindi kumi na mmoja. Nikawafuata mmoja mmoja vijijini, na waliokwisha kufa nikawahoji wajane wao. Nilikunywa pombe ya ndizi kwenye kaya ambazo sikuwa na undugu nazo hata chembe, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ndugu yangu.

Na hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa, sikieni vizuri. Kwetu Waha kila mtoto hupewa jina lake, kufuatana na mambo yaliyokuwapo siku aliyozaliwa, kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyokutana popote, na watu kumi na mmoja wenye jina moja wasijuane kabisa. Hilo nalijua tangu utotoni! Lakini mtu ukishasoma shule ukaona kwenye fomu pameandikwa "jina la ukoo", akili inahama, unaanza kuwinda jina huku ukoo wenyewe umekaa pembeni unakutazama.

Tena nilikuwa na sababu nyingine, nayo ni Yasinta. Alikuwa mshonaji pale Kasulu mjini, kwenye baraza la duka moja la vitambaa, na nilimpenda mpaka nikawa nararua suruali zangu makusudi. Siku niliyomaliza vitabu vya Kasulu bila kuona Ntabindi hata mmoja kwenye nyumba ya kina Yasinta nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani, nikamwambia baba yangu mdogo Zakaria (baba alikwisha fariki) kwamba hatuna undugu nao, njia ni nyeupe, twende tukapose.

Wiki moja kabla ya posa nikamwona mzee Filipo, aliyewahi kukata mkonge na babu yangu kule Tanga, enzi za manamba, wale vibarua waliokuwa wakizolewa huku kwetu kwa malori. Huyo ndiye aliyenipa hadithi iliyonilevya. Akanieleza kwamba babu yangu hakuwa Ntabindi! Ntabindi mwenyewe aliandikishwa akapewa kipande, kile cheti cha kibarua, lori lilipofika akashikwa na homa, basi babu akachukua kile kipande na jina lake akapanda yeye. Niliandika kurasa nne. Sikumwonyesha mtu. Nilitaka niwashangaze, na kusema kweli niliwashangaza.

Siku ya posa tulifika na mbuzi wetu wawili, tukapokelewa vizuri, chungu cha pombe kikawekwa katikati na mirija yake. Desturi inasema mposaji ananyamaza. Anakaa na kuinamisha kichwa, wazee wake ndio wanaosema. Lakini mimi nilikuwa nimelitia daftari ndani ya koti, na huo uamuzi mdogo wa asubuhi, wa kulitia badala ya kuliacha kitandani, ndio ulionifikisha hapa.

Mambo yalikuwa yamekwisha, nawaambia, yamekwisha! Mzee Bernado, baba yake Yasinta, anacheka na Baba mdogo kama wamekua pamoja. Halafu akauliza, kwa heshima tu, maana lazima iulizwe, "Na nyinyi akina Ntabindi ni watu gani hasa?" Baba mdogo akajibu, "Ni watu wa Murungu, wakulima, hatuna ugomvi na mtu." Jibu zuri, fupi, linatosha. Mimi nikaona limepungua. Nikasimama.

"Wazee wangu, naomba kusoma."

Baba mdogo akanivuta koti. Nikadhani ananiweka sawa kola.

Nikasoma kwa sauti ya darasani, naweka vituo, nainua macho kwenye nukta. Nikasoma habari ya kipande na homa ya Ntabindi, watu wakaanza kuguna kwa kupendezwa, nikaongeza sauti. "Babu yangu siku hiyo alikuwa akichunga ng'ombe wanne wa baba yake. Aliposikia lori linaondoka, aliichomeka fimbo yake juu ya kichuguu..."

"Akaivika shuka lake," sauti ikasema, "ili ng'ombe wadhani bado amesimama."

Alikuwa Bibi Anastazia, mama yake Mzee Bernado, amekaa mkekani karibu na mlango, na tangu tufike hakuwa amesema neno. Nikatazama daftari. Ndivyo ilivyoandikwa, kwenye mstari wa chini yake, ambao nilikuwa bado sijausoma.

"Kabla ya hilo jina la watu," akaniuliza, "aliitwa nani?"

"Misigaro, Bibi."

"Mawe we!" Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Misigaro! Mdogo wake mume wangu! Nilikuwa na mwezi mmoja tu wa ndoa kwenye boma hili alipopotea. Tulimtafuta porini mpaka tukachoka, tukasema ameliwa na chui. Ile fimbo tuliizika hapo nyuma ya migomba, tukanyoa nywele, tukamlilia!"

Baba mdogo Zakaria, ambaye naye ndiyo kwanza anasikia kwamba baba yake hakuwa yule aliyemjua, alijikaza akajaribu kuniokoa, akasema taratibu, "Bibi, akina Misigaro ni wengi huku." Na hapo, jamani, Mungu anisamehe, ule ualimu ukanipanda, sipendi kitu kisemwe nusu nusu, nikafungua ukurasa wa mwisho, ambao kwa kuwinda majina sikuwahi kuulinganisha na njia tuliyopita, nikasema, "Hapana, Baba mdogo, mzee Filipo alisema ni wa kilima hiki hiki, boma la pili kutoka kisimani. Aliporudi aliogopa kuulizwa ng'ombe, ndiyo maana akashukia Kibondo, akabaki na jina la kipande."

Boma la pili kutoka kisimani ndilo tulilokuwa tumekaa. Maji ya kisima hicho hicho yalikuwa kwenye kata, Yasinta ameishika, amesimama mlango wa jikoni.

Mzee Bernado aliuweka chini mrija wake. Kisha akasema, "Basi, mwanangu, hapa hakuna posa tena. Mtu haoi dada yake."

Bibi alinikumbatia akilia na kucheka, akinipapasa masikio, eti ni ya Misigaro yale yale. Mbuzi wangu mmoja akachinjwa pale pale, si wa posa tena, wa kumkaribisha aliyepotea. Mimi nikaondolewa kwenye kigoda cha wageni, nikaketishwa mkekani na watoto wa nyumba, viatu vyangu vipya nimevivua, nakula nyama nisiyoisikia ladha. Mdomo huponza kichwa, walisema wa zamani, ila wangu uliponza moyo. Wakamwita Yasinta. "Msalimie kaka yako." Akanipa mkono, macho ameyaelekeza chini. Mkono ulikuwa baridi.

Tulipoachwa kidogo, nyuma ya jiko, nikamwambia sikujua, naapa sikujua.

"Ulikuwa nayo wiki nzima," akasema. "Ungenisomea mimi kwanza. Hadithi ya hiyo fimbo Bibi ametusimulia tangu wadogo."

"Ungefanyaje?"

"Ningelia peke yangu. Si mbele ya watu."

Tangu siku hiyo nimeapa, na kiapo hiki sijakivunja: habari za wazee wa mtu naziandika, nazifunika, nakwenda kwanza kwa yule zitakayemuuma, namsomea yeye polepole tukiwa wawili. Sisomi tena hadharani, hata tangazo la kanisani wampe mwingine.

Mwaka uliofuata Yasinta alikuja kuposwa na fundi seremala wa Kibondo, kijana mtulivu, hana daftari. Mzee Bernado akanitumia ujumbe kwamba mimi ni mtoto wa kiume wa nyumba, sina budi kukaa upande wao. Nikaenda. Nikakaa. Mazungumzo yalipokwisha, mshenga wao akageuka kwa adabu akauliza kama kaka wa binti ana neno lolote.

Nilikuwa nalo. Nikatikisa kichwa, nikampitishia mrija wa pombe.