Sofa Letu Lilimmeza Shangazi wa Mchumba

Sofa letu lilimmeza mgeni.

Sitanii, ndugu msomaji. Lilimmeza huku ameshika sambusa mkononi.

Mgeni mwenyewe alikuwa Shangazi Suraya. Alikuja nyumbani kwetu, hapa Faisalabad, pamoja na Khizar, mtoto wa marehemu kaka yake aliyemlea tangu akiwa mdogo. Walikuja kumtazama wifi yangu, Mehnaz. Wakimpenda, wampose.

Shangazi aliketi kwa madaha. Akavuta shela, akauma sambusa.

Kra!

Sehemu ya kukalia ikafunguka. Shangazi akazama, magoti yakapanda mpaka usawa wa masikio. Kilichobaki juu ni uso, miguu, na ule mkono wa sambusa.

"Ya Allah! Nakufa!"

Mume wangu Tanvir akadaka mkono mmoja, Khizar akadaka wa pili.

"Vuta!"

"Msivute! Mtaning'oa bega, nyie!"

Mwanangu Shahmir, wa miaka mitatu, akawa anapiga makofi. "Mama, tena! Bibi arudie tena!"

Na Mehnaz je? Alikuwa mlangoni na sinia la chai, kichwa kimeinama kama posa inavyotaka. Nikasikia vikombe vinagongana. Nikadhani anatetemeka kwa aibu.

Wapi! Alikuwa anacheka. Amejiuma mdomo, machozi yanamtoka.

Khizar akamwona. Naye akageukia ukutani haraka, mabega yakimtikisika.

Hapo moyo wangu ukaniambia, hawa wawili tayari.

Tulipofaulu kumtoa, Shangazi alijipangusa, akasimama mlangoni.

"Sisi hatutaki chochote kwenu," alisema. "Tunataka msichana tu. Ijumaa ijayo tutarudi tumalize maneno. Lakini nyumba isiyo na pa kumkalisha mgeni..."

Hakumalizia. Akaondoka anachechemea.

Mama mkwe wangu akaangua kilio. Mehnaz alikuwa amekwisha kukataliwa mara kadhaa. Mmoja alisema binti ni mweusi. Mwingine akasema amesoma sana. Mwingine akasema kichochoro chetu ni chembamba, gari la harusi halitapita. Na safari hii ndiyo pekee ambayo Mehnaz mwenyewe aliniuliza chumbani, kwa sauti ndogo, "Wifi, unadhani watarudi kweli?"

Nikalikagua lile sofa. Miaka yote tulilivisha plastiki lisichakae. Nalo likachakaa ndani kwa ndani, kimyakimya. Mbao zilikuwa unga.

Bahati, zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika. Pesa yenyewe nilikuwa nimeipangia cherehani.

"Wifi, usiharibu pesa yako kwa ajili yangu," Mehnaz akasema.

"Nani kakwambia ni kwa ajili yako? Mimi sina makalio?"

Kesho yake nikamshika Shahmir mkono, nikaenda soko la samani na mama mkwe. Sikumchukua kwa ajili ya ushauri. Mama ana mwili wa baraka. Nilimchukua kama mzani.

Duka la kwanza, muuzaji akatupokea kwa tabasamu la meno yote.

"Karibuni! Sofa hili ni mbao ngumu za shishamu tupu, mama yangu. Dhamana ya maisha!"

"Maisha ya nani?" nikamuuliza. "Yako au ya sofa?"

"Dada una utani. Likalie."

"Mama, kaa."

Mama akakaa. Sofa likalia kama paka aliyekanyagwa.

"Hiyo ni sauti ya upya," jamaa akasema bila hata kupepesa.

Nikataka tulipindue nione chini. Akaweka mkono kifuani.

"Dada, bibi harusi hafunuliwi kabla ya ndoa!"

"Ndiyo maana wengine wanalia baada ya ndoa. Geuza."

Akagoma. Mimi nikachomoa pini ya shela yangu, nikachuchumaa, nikafumua kile kitambaa cha chini kidogo tu. Nikachungulia.

Ndani kulikuwa na mbao za makasha ya matunda. Maandishi bado yanasomeka vizuri: MACHUNGWA MATAMU. SHIKA TARATIBU.

"Mama," nikaita, "inuka taratibu. Umekalia machungwa."

Tulitoka mbio huku tunatukanwa. Mama alicheka mpaka akaomba maji.

Maduka mengine hadithi ilikuwa ileile. Zuri ni ghali, rahisi ni kasha. Jua likatuchoma, miguu ya Mama ikaanza kuvimba. Nikapata wazo: kama nguo ndiyo inayotudanganya, kwa nini nisinunue sofa lililo uchi?

Nyuma ya soko kuna uchochoro wa mafundi wanaounda fremu kabla hazijavishwa sponji na kitambaa. Tukaingia. Mwisho kabisa, kwa fundi mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina aitwaye Aladita, nikaliona. Limeegeshwa ukutani, lina vumbi.

Shishamu kweli. Mbao nene, zimechomekana meno kwa meno na kupigiliwa vigingi vya mti. Hakuna msumari wa kubabaisha. Nikanyanyua mguu mmoja wa mbele, na wa pili ukanyanyuka papo hapo. Halikujipinda hata kidogo. Shahmir akaruka juu yake. Kimya. Mama akakaa juu ya mbao tupu, akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia.

Kimya.

"Bei?" nikauliza, uso mkavu.

Akataja.

Nikacheka cheko la dharau nililojifunza kwa mama yangu mzazi, nikataja nusu yake. Nikajiandaa kwa vita. Nilikuwa nimeshapanga na machozi.

"Chukua," akasema.

"Ati?"

"Chukua leo hii. Nitakuletea mwenyewe kwa mkokoteni, bure."

Ndugu msomaji, nilitoka uchochoroni natembea kama waziri. Mama akawa anawasimulia wapita njia wasiomjua: "Mkwe wangu huyu! Kamnyoa fundi bila wembe!"

Iliyobaki tulifanya wenyewe. Sponji nilinunua ile nzito, ambayo ukiikandamiza ngumi inarudi mbio. Kitambaa akaleta Tanvir kutoka kiwandani kwao. Kilikuwa cha mapazia, rangi ya mnanaa, kimekataliwa na mnunuzi kwa sababu kulikuwa na uzi mmoja uliokosewa ukingoni. Ule ukingo tukauficha nyuma. Mehnaz akaazima cherehani ya jirani, akashona, mimi nikapigilia.

"Na plastiki?" Mama akauliza.

"Hili halivai plastiki, Mama."

Alinuna siku nzima, lakini akakubali.

Ijumaa baada ya swala, hao wakaja na boksi la halua. Shangazi akalitazama sofa kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Akaliminya kwa kidole. Akaligonga kwa goti. Akakaa kwa awamu, nusu kwanza, kisha nusu ya pili. Akajiegemeza.

Akadunda kidogo.

Akadunda tena.

Uso wake ukakunjuka. "Mashallah. Nani kanunua?"

"Mke wa mwanangu," Mama akajibu, amevimba kwa fahari.

Basi chai ikanyweka, maneno yakaenda vizuri, mpaka tarehe zikaanza kutajwa. Mehnaz alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, kanishika mkono.

Shangazi akasafisha koo.

"Dada yangu, kama nilivyosema, sisi hatutaki chochote. Si friji, si pikipiki. Sisi siyo watu wa hivyo."

"Mwenyezi Mungu akuzidishie," Mama akasema.

"Ila."

Nilijua. Walahi nilijua kuna ila.

"Ila mtoto akija kwetu atakaa wapi, sakafuni? Sofa hili lije naye. Wala siyo sharti! Ni zawadi tu ya mama kwa mwanawe. Watu watauliza alikuja na nini, nisije nikainamisha kichwa."



Mama akafungua mdomo. Nilimjua. Angekubali, kwa sababu mama wa binti kwetu hukubali. Leo sofa, kesho friji, siku ya hina wanataka pikipiki. Tanvir aliangalia feni. Mehnaz akaniachia mkono, akanong'ona, "Wifi, mwambie Mama aseme hapana. Bora nikose."

Lakini sauti yake ilikatika pale kwenye "nikose".

Sijui shetani gani alinisukuma. Nikatoka na sahani ya sambusa, nikatabasamu kama malaika.

"Shangazi, lichukue tu kwa moyo mweupe. Sisi hatuamini mambo ya mikosi."

"Mikosi gani?"

"Aa, si kitu. Fundi alisema liliundwa kwa ajili ya binti mmoja, ndoa yake ikavunjika siku ya hina. Ndiyo maana tumelipata rahisi. Sambusa?"

Uongo mtupu! Niliutunga palepale, kati ya jikoni na meza.

Shangazi aliruka kama aliyekalia jiko. Na mama mkwe wangu naye, ambaye kwa fundi tulikwenda wote na hakusikia neno kama hilo, akaruka pamoja naye! Tanvir akainuka bila kujua kwa nini.

Watu wote wima. Sofa likabaki na mtu mmoja.

Khizar.

"Khizar, inuka!" Shangazi akafoka.

"Mbona nimekaa vizuri?"

"Inuka nakwambia, lina mkosi!"

"Shangazi," akasema kwa upole, huku anachagua sambusa, "ulisema hatutaki chochote. Mimi nilikusikia na nikafurahi sana. Basi tusichukue chochote. Sofa la watu libaki kwa watu. Mimi naomba chai nyingine tu, kama ipo."

Pazia likasogea. Mehnaz akatoka, kichwa juu, bila hata sinia. Ameshika kikombe kimoja. Akampa. Halafu, mbele ya wazee wote, akaenda kukaa upande wa pili wa lile sofa lenye mkosi.

"Sukari nimeweka vijiko viwili," akasema.

"Viwili vinatosha."

Ndivyo walivyochumbiana.

Shangazi aliwatazama mmoja mmoja, akahema, akachukua halua yake mwenyewe kutoka kwenye boksi aliloleta. "Haya. Watoto wa siku hizi mna vichwa vigumu. Andikeni tarehe."

Walipoondoka, nilimkuta Mama analifukiza sofa kwa ubani, anasoma dua, moshi nyumba nzima. Ikabidi nimwambie ukweli kwamba nimezusha. Akanipiga kandambili ya mgongo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi akae. Akakaa hapohapo.

Harusi ilifanyika majira ya haradali kuchanua. Mehnaz akaenda na nguo na vyombo vya jikoni tu.

Sasa nisikilize.

Juzi nilirudi kwa Fundi Aladita kumwagizia Shahmir stuli. Nikaona nimchekeshe. Nikamsimulia kisa chote, na nilivyozusha habari ya ndoa iliyovunjika.

Hakucheka. Aliweka randa chini.

"Nani alikuambia?"

"Nani aliniambia nini?"

"Habari za yule binti wa mji wa Jhang. Baba yake aliniagiza lile sofa. Siku ya hina watu wa bwana harusi wakataka gari, mzee akawafukuza. Akaniambia, Aladita, lichome. Uchochoro mzima hakuna aliyetaka kuligusa. Nilikuwa nimeshanoa shoka la kulipasua kuni, ukaja wewe na mama yako."

Nikaketi juu ya rundo la mbao.

"Na bei..."

"Dada, ungetaja robo ningekubali."

Mimi huyo, waziri!

Nikamuuliza yule binti aliishia wapi. Akaashiria meza nzuri ya kusomea iliyokuwa ikikauka vanishi mlangoni.

"Ya kwake hiyo. Anafundisha shule sasa. Kaja kuagiza mwenyewe, kalipa mwenyewe. Kanicheka, akasema safari hii hanichomeshi kitu."

Niliigusa ile meza kabla ya kuondoka. Sijui kwa nini. Nilitaka tu kuigusa.

Jamani, nilichojifunza ni hiki. Ukinunua sofa, lione uchi kwanza. Fundi akikubali bei yako upesi, usijipigie makofi, muulize sababu. Na mtu akikuambia hataki chochote, usimshukuru mapema. Mwache kwanza amalize sentensi.

Habari ya binti huyo Mama sijamwambia, wala sitamwambia. Yeye hana habari na mitandao. Mehnaz, najua wewe unasoma haya: funga mdomo wako, na umsalimie Khizar.

Ninavyoandika hivi Mama amejinyoosha kwenye sofa, Shahmir kifuani pake, wote wawili wanakoroma.