Mwalimu wa Udereva Aliyechoka Kukanyagia Watu Breki

Saa mbili asubuhi, gari dogo jeupe lenye herufi nyekundu mgongoni limezimika tena katikati ya uwanja wa mazoezi. Nyuma ya usukani ameketi mama mmoja wa makamo, fundi cherehani, ameushika usukani kama anayeogopa kuibiwa. Pembeni yake kijana mwembamba anajifuta uso kwa leso.

"Washa tena, mama," anasema hatimaye. "Achia klachi taratibu. Ta-ra-ti-bu."

Neno hilo limemganda mpaka limekuwa jina lake. Ukifika katika shule hii ya udereva ukamuulizia kwa jina alilopewa na wazazi wake, utazungushwa. Muulizie Taratibu, utaonyeshwa mara moja. Ana umri wa miaka ishirini na sita, na alianza kufundisha akiwa na kumi na tisa. Lakini anavyoshuka garini ameshika kiuno, unaweza kumwamkia shikamoo kwa makosa.

Wengi wetu tuliopita mikononi mwa walimu hawa hatujawahi kuwafikiria. Tunakumbuka leseni tu. Yule aliyeketi kando, akiwa na breki na klachi zake za ziada chini ya miguu, akitungoja tukosee, tunamsahau siku ileile.

"Watu wanadhani nimekaa," anasema Taratibu. "Ni kweli nimekaa. Ila macho yako barabarani, sikio liko kwenye injini, mguu uko juu ya breki, halafu mdomo unatakiwa uwe mpole. Jioni mke wangu ananiuliza, si umeshinda kitini tu? Namwambia ndiyo, nimeshinda kitini."

Mkewe anacheka akilisikia hilo, kisha anasimulia safari ya harusi ya ndugu yao. Taratibu aliketishwa mbele, pembeni ya baba mkwe aliyekuwa akiendesha gari lake mwenyewe. Kila kona, mguu wa kulia wa Taratibu ukawa unakita sakafu. Mzee alivumilia, akavumilia tena, mwisho akaegesha kando ya barabara na kumuuliza kwa adabu zote kama gari lile anataka kulisimamisha au kulitoboa. Tangu hapo akisafiri na wakwe, Taratibu huwekwa kiti cha nyuma pamoja na watoto.

Haikuwa kazi aliyoitafuta. Alipomaliza sekondari, mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa ameanza kuugua goti. Mjomba ndiye mwenye shule: magari mawili, ofisi ya chumba kimoja ambacho ukuta wake umechorwa alama za barabarani, na uwanja wa kukodi wenye matairi chakavu ya kupitia katikati. Kijana akaja kusaidia. Goti halikupona. Sasa mjomba hawezi kukanyaga klachi kabisa, na gari la pili limeegeshwa mpaka majani yameota chini yake, kwa kuwa hakuna wa kulifundishia. Kwa kifupi, shule ni Taratibu.

Na Taratibu amechoka. Hafichi, wala hapambi. "Sichukii kazi yenyewe," anasema. "Nimechoka tu. Nimechoka kuamka, nimechoka kusema maneno yaleyale. Wakati mwingine mwanafunzi akiniambia asante mwalimu, natamani kulia, sijui kwa nini."

Mwaka huu mlango mwingine ukafunguka. Rafiki yake waliyesoma pamoja ni fundi wa majokofu, na karakana yake imezidiwa na kazi. Siku moja ya mapumziko Taratibu alikwenda kumtembelea, akaishia kumshikia tochi mchana kutwa huku wakisaka mahali gesi inapovuja. Walipaka povu la sabuni kwenye bomba kipande kwa kipande, mpaka penye kitundu pakatoa mapovu. Anakiri kwamba alishangilia peke yake kama mtu aliyefunga bao, na rafiki yake akamwambia atulie, hicho ni kitundu tu.

Hapo ndipo rafiki alipomwambia aje ajifunze. Mwaka mzima wa mwanzo atalipwa nusu ya anachopata sasa, na anachopata sasa kinatosha kodi ya vyumba viwili na chakula, basi. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, maana kijana mwingine alikuwa akiingojea nafasi hiyohiyo.

Ukitaka kujua Kiswahili kina methali nyingi, waambie watu wa nyumbani unataka kubadili kazi. Mama yake alimwambia mvumilivu hula mbivu. Mkewe akamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama akarudi na mshika mbili moja humponyoka. Mke akajibu kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako, kisha akamtazama mtoto wao wa mwaka mmoja aliyekuwa akitafuna kandambili, na wote wakacheka. Lakini jioni ile, mama alipokwisha kuondoka, mke alimwambia neno moja ambalo hakulicheka.

"Ukibaki, nitakuwa na wewe. Ukienda, nitakuwa na wewe. Ila nimechoka kuishi na mtu aliyesimama mlangoni."

Yeye mwenyewe anasema aliendelea kusimama mlangoni. Kila alipomfikiria mjomba na lile goti, alishindwa. Mjomba ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyesimamia harusi yake. Utamwachaje mtu kama huyo na magari mawili yasiyo na dereva?

Kilichomtoa mlangoni ni mtihani wa yule mama fundi cherehani.

Mama huyu alikuwa mwanafunzi wake mtulivu kuliko wote. Alitaka leseni ili apeleke sare za shule kwa wateja wake mwenyewe, bila kukodi gari la mtu. Kwenye mazoezi hakuwa na shida. Siku ya mtihani aliingia barabarani akiwa na mkaguzi pembeni, akafika penye makutano, gari lingine likatokea kulia, na yeye akaendelea kwenda. Hakukanyaga breki hata kidogo. Mkaguzi ndiye aliyelisimamisha gari, shingo zao zikarushwa mbele na nyuma.

Alishuka akilia. Alimwambia Taratibu sentensi moja tu: "Lakini siku zote lilikuwa linasimama."

Taratibu hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alilijua kosa papo hapo, na halikuwa la mama.

Walimu wa udereva wana neno lao: wanasema mwanafunzi "amebebwa". Mwalimu mwenye nguvu zake humngoja mwanafunzi. Anamwachia achelewe kidogo, aogope kidogo, ndipo mguu wake ujifunze. Kungoja huko ndiko kazi yenyewe, na kunachosha kuliko yote. Mwalimu aliyechoka hangoji. Akiona makutano mbele, anakanyaga breki yake mapema, polepole, kwa ustadi kabisa, hata aliyeshika usukani anadhani amesimamisha mwenyewe. Somo linapita bila kelele, mwanafunzi anafurahi, mwalimu anapumua. Na hakuna aliyefundishwa kitu.

"Nilikuwa sijui kama nafanya hivyo," anasema. "Kama ningekuwa nafanya makusudi, ningeacha. Mguu ulikuwa unakwenda wenyewe, umechoka kusubiri. Fikiria angepata leseni, akaingia barabarani na watoto wa watu."

Siku hiyohiyo alimweleza mama ukweli, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakamkauka.

"Kwa hiyo, mwanangu, mimi sijawahi kusimamisha gari?"

"Mara chache, mama."

Mama alimtazama mguu wa kulia. Kisha akasema ile suruali ya kazi ambayo Taratibu alimpelekea aipunguze kiuno atairudisha na mguu mmoja tu, maana mguu wa kulia wa mwalimu umekuwa ukimfanyia kazi yeye. Taratibu anasema angeona afadhali kutukanwa. Wakakubaliana waanze upya, bila malipo, kila asubuhi kabla mama hajaketi kwenye cherehani yake. Hayo ndiyo mazoezi tuliyoyakuta uwanjani. Gari linazimika, linaruka kama chura, linasimama mbali na mstari. Ila linasimamishwa na mwenyewe.

Kutoka kwenye benchi lile alikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Alimkuta ofisini akisugua goti kwa dawa, mguu ameuweka juu ya kiti. Alimweleza yote: mama, breki, karakana ya majokofu. Alimwambia kwamba amechoka kiasi cha kuwa hatari, na kwamba anaomba ruhusa aondoke.

Mjomba hakukasirika. Aliuliza maswali mawili matatu kuhusu huyo rafiki na hiyo karakana. Kisha akasema alichotarajiwa kusema.

"Sawa. Ila kaa kwanza mpaka nipate mtu."

"Sawa, mjomba," akajibu. Ungejibu nini kingine? Akatoka nje, akachukua ndoo na kitambaa, akaanza kuosha gari. Anasema moyo wake ulikuwa umeshakata tamaa, hata hasira hakuwa nayo. Alikuwa anasugua tu.

Alikuwa amefika kwenye vioo alipomwona mjomba mlangoni, ameshika fremu, anashuka ngazi moja baada ya nyingine kwa upande upande. Mjomba hatoki ofisini mchana isipokuwa kuna jambo, kwa sababu kurudi ndani ni adhabu. Alitembea mpaka penye gari, akaliegemea kwa kiganja.

"Mjomba," akamwita mpwa wake, maana wao huitana hivyohivyo pande zote mbili. "Nilipokuwa na umri wako nilipata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi. Nikamwambia mzee aliyekuwa mwenye shule hii. Akaniambia, kaa kwanza mpaka nipate mtu."

Taratibu aliacha kusugua.

"Mtu mwenyewe hajapatikana mpaka leo," mjomba akasema. "Usinisubiri. Mfikishe huyo mama kwenye mtihani, kisha uende."

Nilipomuuliza mjomba shule itakuwaje, alisema pengine atauza gari moja, pengine atabaki kufundisha alama za barabarani darasani, pengine atafunga. Alisema hayo huku akitazama pembeni, na sikuona sababu ya kumkaba kwa maswali. Anaumia, na hakujaribu kuniambia vinginevyo. Mpwa wake naye anaumia. Hakuna aliyetoka kwenye uamuzi huu bila jeraha, ila wote wawili wanasalimiana asubuhi kama kawaida na kugawana chai.

Mama fundi cherehani atarudia mtihani wiki hii. Jumatatu inayofuata Taratibu ataingia karakana kama mwanafunzi, abebe sanduku la vifaa la rafiki ambaye zamani alikuwa akinakili hesabu zake darasani. Mama yake bado hajakubali; amempelekea salamu kwamba mchagua jembe si mkulima. Mkewe ameanza kushonea watu vifungo na zipu kwa yule mama fundi cherehani ili kuziba pengo la nusu mshahara.

Ninamuuliza anatarajia nini huko aendako. Nilidhani atataja karakana yake mwenyewe, gari, nyumba, kama vijana wengi wanavyotaja. Yeye anajifuta uso kwa leso, macho yamemlegea kwa uchovu.

"Kwa miaka saba, mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namwambia, kwa sasa nafundisha udereva," anasema. "Nataka siku moja niulizwe, nijibu bila kuanza na 'kwa sasa'."