Bahari Niliyoikoroga Buzebazeba

Jamani, sina haja ya kuficha, maana hata nikificha mimi mtaa mzima unajua, siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze na mpaka leo bado natamani.

Kazi yangu ni kupima mawe ya shaba, hapa Buzebazeba, Kigoma. Nasaga jiwe, natia maji, chokaa na dawa, napuliza hewa, shaba inashika kwenye povu na kupanda juu, naikwangua. Sasa Baba mdogo Ramadhani na wachimbaji wenzake walipata mnunuzi anayejenga kiwanda huko pwani, kiwanda cha kutenga shaba kwa maji ya bahari, akatuma dumu moja la maji hayo kwa treni nijaribu kama shaba yetu itaelea humo. Ikielea, anachukua mawe yao yote, na Baba mdogo, aliyeuza shamba lake la michikichi ili achimbe (kichwa kigumu, tumerithi wote), anapona.

Dumu likafika tupu, mfuniko umelegea. Ningepiga simu tu, lakini niliona haya kumsumbua mtu mkubwa, nikajiambia bahari ni maji na chumvi, nikachota maji ya ziwa, nikamimina chumvi ya Uvinza, nikaonja (mimi niliyezaliwa Ujiji, bahari sijawahi hata kuiona!), nikaona imekolea. Povu likapanda limejaa shaba. Nikaandika kwenye ripoti: maji ya bahari, matokeo mazuri sana.

Mnunuzi akafurahi mno, akasema anakuja kuona mwenyewe, akaja kweli na madumu matano ya bahari yake. Wachimbaji wote walikuwepo na wake zao, kanzu zimepigwa pasi, wali uko jikoni. Nikatia maji yake, nikatia chokaa kama nilivyozoea, maji yakageuka meupe kama ya kuoshea mchele, povu likatoka halina kitu. Nikaongeza chokaa (hapo ndipo nilipojimaliza), shaba ikabaki chini kabisa.

"Binti, mara ya kwanza ulitumia maji gani?" mnunuzi akaniuliza.

"Ya ziwa. Na chumvi."

"Chumvi ya dukani?"

"Ya Uvinza," nikasema, kana kwamba hiyo ingenisaidia.

Mmoja akacheka, wengine wakaangalia chini. Mnunuzi akaeleza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, kwamba bahari ina vitu vingine vinavyogombana na chokaa, kwamba ningesema mapema tungetafuta dawa nyingine pamoja, ila sasa karatasi yangu hawezi kuiamini tena. Akaondoka bila kula.

Baba mdogo hakunifokea. Alinawa mikono, akakaa, akasema, "Pakua, mwanangu, watu wana njaa." Nikapakua huku machozi yananitoka mbele ya wote.

Nimeapa nitaandika kile tu nilichokifanya, hata kama kinanifedhehesha. Kiapo chenyewe rahisi, maana tangu siku ile hakuna aliyeniletea jiwe la kupima.