Sikulala Usukanini

Nilizaliwa na ukope mmoja uliolegea, wa jicho la kushoto. Hauumi wala haunizuii kuona. Unashuka tu hadi ukingoni mwa mboni na kukaa hapo, niwe nimefurahi au nimekasirika. Buyenzi, mtaa wa Bujumbura nilikokulia, watoto wenzangu walikuwa wakinifuata nyuma wakijifanya kukoroma. Nilipigana na watatu kati yao, wengine wakaacha. Baadaye, hapa Kigali, nilipoomba leseni ya kubeba abiria, daktari wa macho alinipima, akanipima tena, akaandika kwamba naona vizuri kwa macho yote mawili. Tangu siku hiyo sikuwa na sababu ya kulifikiria jicho hilo, mpaka kampuni ilipoleta kamera.

Naendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha nguo huko Masoro. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nawachukua Nyamirambo, karibu na nyumbani kwangu. Tunapita mjini, tunapanda Remera, tunateremkia Mulindi, na ikifika saa moja kila mmoja yuko mbele ya cherehani yake. Madereva tuko saba, na mwanamke ni mimi peke yangu.

Mwaka jana tuliletewa mabasi mapya. Yalikuwa mazuri, sitasema uongo. Usukani mwepesi, viti havijachanika, na mitambo ya usalama ambayo sikuwahi kuiona: basi likikuta kitu mbele linafunga breki lenyewe, ukitoka kwenye mstari linakuonya, na juu ya dashibodi kuna kamera ndogo kama kiberiti, inayomtazama dereva usoni ijue kama anasinzia. Fundi aliyekuja kutufundisha alitupa nusu siku. Nilimuuliza, "Na ikikosea?"

Akatabasamu. "Mama, hii haichoki, haina mawazo ya nyumbani. Wewe iamini tu."

Sikupenda hilo neno "tu". Breki za gari sijawahi kuziamini tu. Kila asubuhi nazikanyaga kabla sijatoka getini. Tairi nazizunguka moja moja, nazipiga teke.

Asubuhi ya kwanza, kabla hatujafika mjini, kamera ililia mara nne. Pii, pii, pii, halafu sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza, ikisema dereva amechoka, apumzike. Abiria walicheka. "Mama, gari iko inasema umelala!" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, nami nikacheka nao. Siku ya tatu hakuna aliyecheka.

Kulikuwa na mshonaji wa kola, mjamzito wa miezi saba, ambaye siku zote alikaa nyuma yangu na kunisimulia ndoto zake. Asubuhi moja alinishika bega kabla sijawasha gari.

"Mama, unisamehe. Usiku ulilala kweli?"

"Nililala vizuri, mwanangu."

"Sababu hii kitu haiachi kulia. Mimi naogopa."

Kesho yake hakuwepo kituoni. Nilimwona tulipokuwa tunapanda kwenda Remera, amekaa nyuma ya pikipiki ya abiria, tumbo limebanwa na mgongo wa dereva, kofia ngumu imemkaa upande. Macho yetu yalikutana, akageuza uso. Mashine ya usalama ilikuwa imemtoa kwenye basi langu na kumpandisha pikipiki.

Wiki ya pili niliitwa ofisini. Mkuu wetu wa usafirishaji ni Mtanzania, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mstaarabu, mzungumzaji wa taratibu.

"Karibu, dada. Kaa."

Aligeuza kompyuta yake kunielekea. Zilikuwa picha zangu, safu kwa safu: mimi na kilemba cha kijani, mimi na kilemba cheupe, mimi nikiangalia kioo cha pembeni. Katika kila picha jicho la kushoto limeshuka, na chini yake kuna maandishi mekundu kwamba dereva anasinzia.

"Unasemaje kuhusu hizi?"

"Nasema huyo ni mimi, na jicho langu liko hivyo. Niangalie sasa hivi. Nimelala?"

Aliniangalia, halafu akaona haya, akaangalia meza. "Naelewa, dada. Lakini mashine haina ugomvi na mtu. Inapima tu."

"Inapima nini?"

"Macho."

"Inapima ukope. Usingizi wangu haijawahi kuuona."

Akanisogezea barua na kalamu. "Weka saini hapa. Ni utaratibu, kuonyesha kwamba umeipokea."

Nilitoa miwani yangu ya kusomea nikaisoma yote, bila haraka, yeye akisubiri. Mstari wa nne ulianza na neno "nakiri". Nakiri kwamba nimesinzia nikiwa kazini. Baada ya hapo ni mapumziko ya lazima ya wiki mbili, kisha mtihani wa udereva upya.

"Hii si ya kupokea," nilimwambia. "Hii ni ya kukiri."

"Ukisaini yamekwisha, dada yangu. Usiposaini itabidi niipeleke juu."

"Ipeleke. Sikulala usukanini, na siandiki kwamba nililala. Ukitaka kujua kama nasinzia, panda basi langu ukae mbele pamoja nami. Mimi niko barabarani kila siku, sijifichi."

Nilitoka nje, nikakaa kidogo kwenye ngazi za karakana, kisha nikaenda kuchukua ufunguo.

Mume wangu ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kazi hapo hapo mtaani kwetu. Nilimweleza akiwa anapinda suruali ya mtu. Alisema nisaini. "Ni karatasi. Pumzika wiki mbili, rudi kazini. Unagombana na kamera?"

"Nikisaini leo," nikamwambia, "siku lori litakapokosa breki likanigonga, wataitoa karatasi hiyo. Watasema huyu alikiri zamani kwamba hulala. Nani atauliza habari za lori?"

Alishona upindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Basi usisaini." Hatukulizungumza tena.

Madereva wenzangu nao walikuwa na dawa zao. Mmoja alinipa kipande cha plasta nikibandike kwenye kamera. Mwingine aligonga miwani yake nyeusi kwa kidole. "Nunua kama hii. Kamera haioni kitu. Jana kwenye foleni mimi nilisinzia kabisa, haikusema hata neno." Wenzake wakacheka. Nilimwambia palepale, mbele yao wote, kwamba akisinzia tena na watu ndani ya basi, nitamshtaki mimi mwenyewe. Alininunia mwezi mzima, na sijutii.

Plasta niliirudisha. Nilitaka kamera inione vizuri, uso wote, na nilitaka mtu mzima mwenye akili aione ikinikosea.

Ijumaa ya wiki ile likatokea jambo ambalo ningeweza kulinyamazia. Mvua ilikuwa imenyesha, lami inateleza, nami nateremka kuelekea Mulindi. Kulia, kutoka nyuma ya lori lililoegeshwa, akajitokeza mtu akisukuma baiskeli yenye madumu ya maziwa. Mguu wangu haujafika kwenye breki, basi lilikwisha kusimama. Lilisimama kwa nguvu hata mikoba ikaruka kutoka kwenye viti. Yule mtu alikuwa hatua mbili mbele ya kioo, ameikumbatia baiskeli yake, ametukodolea macho.

Alitokea upande wa kulia, upande wa jicho langu zima. Sikumwona. Breki ilimwona.

Niliegesha pembeni, nikageuka kuuliza kama kuna aliyeumia. Hakuna. "Mana yanjye," mama mmoja alimwita Mungu wake kwa Kinyarwanda. Kwa mara ya kwanza tangu tupewe lile basi nililishukuru, kwa sauti, kama mtu. Sikuona aibu kulishukuru. Na sikuona kwa nini shukrani hiyo inifanye nisaini uongo.

Jumatatu, mkuu alinisubiri Nyamirambo, amevaa koti, ameshika daftari. Kumbe alikuwa ameukubali mwaliko wangu. Alikaa kiti cha mbele, akafunga mkanda. Kabla sijaondoa gari nikamwambia habari za Ijumaa.

Alishangaa. "Mbona unaniambia mwenyewe? Huoni kwamba naweza kuiandika dhidi yako?"

"Iandike. Breki nimeiona ikifanya kazi, naiamini kwa kile nilichokiona. Kamera nimeiona ikisema uongo kila siku, siiamini. Wewe unataka nizichukue zote kwa pamoja, kwa sababu zimekuja kwenye basi moja. Hata mafundi wawili wa karakana moja siwaamini sawasawa."

Tuliondoka. Hatujafika mjini, pii, pii, pii, na yule mwanamke wa Kiingereza akaanza.

"Dada?"

"Niko macho. Kushoto kuna pikipiki mbili, ya nyuma haina kioo cha pembeni. Yule mama mwenye mwavuli wa njano anataka kuvuka ila hajaamua. Yule wa teksi mbele anatafuta mteja, atasimama bila kuonyesha."

Teksi ikasimama bila kuonyesha. Mkuu akaandika kitu kwenye daftari.

Alipanda siku tatu. Siku ya kwanza kila kamera ilipolia alikuwa akiniangalia mimi. Siku ya pili akawa anaiangalia kamera. Siku ya tatu, tulipoingia Masoro, alifunga daftari akasema polepole, "Inalia jua likikupiga usoni, na inalia ukiangalia kioo cha kushoto."

"Yaani inalia ninapoendesha vizuri."

Alitaka kucheka, akajizuia.

Barua haikurudi tena mezani. Sikuombwa radhi pia. Niliambiwa tu kwamba suala langu limefungwa. Fundi yule yule wa nusu siku aliletwa, akakaa kwenye kiti changu, akabonyeza hapa na pale, akaniomba nitazame mbele, kushoto, kulia. Kumbe kamera inaweza kufundishwa uso wa dereva wake na kuuzoea. Kazi yote haikufika muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilimuuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Siku hizi inalia mara moja moja, asubuhi zenye jua kali, nami naiambia inyamaze. Yule mshonaji wa kola alijifungua salama mtoto wa kike. Amerudi kazini, lakini anapanda basi la mwenzangu. Tunasalimiana getini, ananionyesha picha za mtoto kwenye simu. Sijamuuliza kwa nini harudi kwangu, naye hajasema. Hilo bado linaniuma kuliko barua.

Nilimwomba mkuu jambo moja: iandikwe kwamba hakuna dereva atakayepewa barua kwa sababu ya kamera mpaka mtu apande naye kwanza. Akasema atalifikiria. Nilingoja. Kisha nikaliandika sharti hilo mwenyewe, kwa kalamu nene, herufi kubwa, nikabandika kwenye ubao wa chumba cha madereva. Ilibanduliwa. Nikaandika nyingine, nayo ikabanduliwa. Ya tatu iko ubaoni hadi leo, na chini yake wenzangu wawili wameongeza namba za mabasi yao, kama saini za kuniunga mkono.