Joho la Zambarau na Ndoo ya Mfuniko Mwekundu

Wanakwaya wenzangu wa Jabe, mtaa wetu hapa Bujumbura, hukisimulia kisa hiki vibaya kila tunapokutana, wanaongeza chumvi pasipohitajika na kuruka sehemu zenye maana, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama na kaptula ya mpira mbele ya nusu ya parokia, naona ni haki yangu kukisimulia mwenyewe, kwa mpangilio, bila kupunguza aibu yangu hata kidogo.

Ilikuwa wakati wa vita, kipindupindu kilipoingia kwa watu waliokimbia mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Parokia yetu ilikuwa na zahanati ndogo, na Masera Godeliva, mtawa muuguzi asiyepaza sauti hata siku moja, alisimamisha hema kubwa nyuma ya kanisa, akazungusha kamba, akatuita sisi waumini tuwe wafanyakazi. Pale hatukumwuliza mtu ametoka mtaa gani wala ni wa upande gani, na hilo najivunia mpaka leo kuliko lolote nililowahi kufanya.

Mimi nilipewa klorini. Nilikuwa mwalimu wa shule iliyofungwa kwa sababu ya vita, mtu wa mistari na daftari, nikaipanga kazi yangu hivi: ndoo tatu, mifuniko ya rangi tatu. Mweupe, klorini kidogo, ya kunawa mikono. Wa buluu, ya sakafu na vitanda. Mwekundu ni kali kabisa, ya matapishi na ya marehemu, na hiyo haimgusi mtu aliye hai, na hubebwa kwa mikono miwili. Niliyarudia maneno hayo mpaka watu wakaniita Damasi wa Ndoo.

Jumapili hiyo kwaya ilikuwa inavaa majoho mapya kwa mara ya kwanza, ya zambarau, marefu mpaka kwenye vifundo vya miguu, kitambaa chake kimechaguliwa kule Asiatique, mtaa wa maduka, na mwenyekiti wetu, Mama Beatrisi, ambaye alituonya mmoja mmoja kuhusu madoa. Sasa suruali yangu nzuri nilikuwa nimeifua Jumamosi na mvua ikaikuta kambani, na ile ya kazini ilinuka klorini, kwa hiyo nikafanya uamuzi mdogo ambao wakati ule niliuona wa busara kabisa: nikavaa kaptula nyekundu ya timu ya walimu, iliyopasuka kidogo pembeni (si kidogo), nikavaa joho juu yake. Joho linafika miguuni, nani ataona?

Misa ilikwisha salama, na niliimba besi vizuri, hilo hakuna anayelibisha. Kisha, kama kila Jumapili, kwaya ikaenda kusimama nje ya kamba kuwaimbia wagonjwa. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili Masera alipotokeza mlangoni mwa hema.

“Damasi, kuya mbio. Mwenzako wa zamu ameanguka na homa.”

Ovaroli langu lilining'inia kwenye msumari mlangoni, mbele ya macho ya soprano wote. Ili nilivae ilibidi nivue joho, na chini ya joho mnajua kulikuwa na nini. Nikaingia hivyo hivyo.

“Na iyo joho?” Masera akauliza.

“Iko sawa, Masera.” (Kumdanganya mtawa ni jambo jingine, nililimaliza na padri kwenye maungamo.)

Nikainua ile ndoo nyekundu kuipeleka upande wa pili wa hema, na upepo ukaanza kucheza na joho, nami nikalishika kwa mkono mmoja lisifunuke, ndoo ikabaki kwenye mkono mwingine, mimi niliyewafundisha watu wote kuhusu mikono miwili. Ikayumba, ikanimwagikia kuanzia kifuani hadi magotini. Nikajimwagia maji safi mengi juu yake, kama ninavyofundisha, nikadhani yamekwisha, nikatoka nje kukung'uta.

Wimbo ulianza kufa sauti moja moja. Soprano kwanza, halafu alto. Nikadhani wamesahau maneno.

“Damasi,” akasema Mama Beatrisi, “joho iko inakufa.”

Nikatazama chini. Zambarau ilikuwa inakimbia mbele ya macho yetu, inakuwa waridi, halafu kahawia, halafu nyeupe, mfano wa ramani ya nchi isiyojulikana. Watu wakaanza kucheka, na mimi pia ningecheka, ila wakati huohuo Mama Alina alikuwa amefika kwenye kamba.

Nilimfahamu, alikaa chini ya turubai nyuma ya soko. Alikuwa amembeba binti yake Alina, wa miaka kama mitatu, macho yameingia ndani, kichwa kinalegea. Mama huyo akalitazama joho langu, akarudi hatua nyuma, na watu watatu waliomfuata na wagonjwa wao wakarudi pia.

“Apana. Mi siingii. Walisema maji yenu ni ya kumaliza watu, nikakataa kuamini. Sasa naona na macho yangu.”

“Mama, mutoto hana wakati,” Masera akamwambia.

“Kama inakula nguo vile, ngozi ya mutoto itabaki?”

Akatugeuzia mgongo. Mimi ndiye niliyekuwa ninaandika daftari la hema, na nilijua watoto wenye macho kama yale, wakirudishwa nyumbani, hawaifikii jioni.

“Mama Alina, simama,” nikasema. “Kosa ni langu.” Nikamweleza ndoo tatu, nikamweleza kwamba hii nyekundu haimgusi aliye hai, nimeimwaga kwa sababu niliibeba kwa mkono mmoja.

“Na juu ya nini mukono moja?” akauliza Mama Beatrisi, ambaye hajawahi kuacha jambo lipite.

“Nilikuwa nashika joho.”

“Ulikuwa unaficha nini?”

Basi nikavua joho.

Nilikwenda na kaptula yangu mpaka kwenye ndoo ya mfuniko mweupe, nikanawa mikono, mabega, uso, kifua, polepole, nikamnyooshea Mama Alina mkono. “Hii ndiyo yenye itamugusa mutoto. Angalia.”

Alisogea. Akanishika mkono, akaugeuza huku na huku kama anachagua samaki sokoni Jabe. Halafu macho yake yakashuka.

“We mwalimu, ulienda Misa hivi?”

“Ndiyo, mama.”

“Mbele ya Mungu?”

“Yeye alikuwa anajua.”

Kicheko kilimtoka, kifupi, kama kikohozi. Akatumbukiza mikono yake kwenye ndoo nyeupe, akanawa, akavuka kamba na mtoto wake. Wale watatu wakamfuata. Masera aliupata mshipa wa Alina kwa jaribio la tatu, akamtundikia dripu, nami nikavaa ovaroli na kushika ndoo zangu, na nje kwaya ikaanza upya ubeti wa pili. Kabla ya saa ya jioni ya amri ya kutotoka nje, Alina alikuwa amemnyang'anya mama yake kikombe cha maji ya chumvi na sukari.

Mama Beatrisi hakunipa joho jingine kwa muda mrefu. Lile lililoharibika alilichukua Mama Alina, aliyebaki hemani kufanya kazi nasi, akalitundika kwenye kamba karibu na ndoo, na kila mtu mpya aliyesita alimwonyesha ramani ile nyeupe: “Hii ni kazi ya nyekundu. Na kazi ya nyeupe ni yule pale,” akimwonyesha binti yake anayecheza na vifuniko vyangu.

Tangu siku hiyo nimeapa: ndoo kwa mikono miwili, na joho kamwe bila suruali. Si kwamba ningeweza kusahau, maana kila asubuhi nilipofika kazini Mama Alina aliniuliza mbele ya watu wote, “Mwalimu, leo umevaa?” na mimi, mtu mzima, nililazimika kupandisha mguu wa ovaroli kidogo ili aione suruali.