Chanzo Kisichoaminika

Mwalimu wetu wa Kiingereza kwenye kozi ya walimu kule Embu alikuwa kijana wa juzi tu, na alikuwa na ugonjwa mmoja: vyanzo. Ukiandika kwamba mvua inalowesha, anataka jina la aliyesema, mwaka wa kuchapishwa na ukurasa. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nina watoto wanne, na somo hilo nilikuwa nimeanguka mara mbili. Nikianguka mara ya tatu ningetolewa kwenye kozi, na kazi nayo iende. Kwa hivyo usiniambie ningetulia.

Insha ya mwisho niliandika juu ya miraa, yaani mirungi, ile inayotafunwa kuchangamsha mwili. Nilisema ikifungwa kwa majani ya mgomba haikauki haraka. Nani hajui hilo kwetu Laare? Lakini chanzo ni chanzo, nikamweka mama mkwe wangu, ambaye amefunga miraa tangu kabla sijazaliwa. Karatasi ilirudi na wino mwekundu: chanzo hiki hakiaminiki, rekebisha kufikia Jumamosi, la sivyo umeanguka.

Kosa langu likawa kumsomea mama mkwe maneno hayo.

"Mimi siaminiki? Huyo ni mtu wa wapi?"

"Mama, si wewe. Ni mambo ya kuandika tu."

"Ati ya kuandika! Si ameandika siaminiki?"

Jumamosi akaandamana nami mpaka Embu, kitambaa cha kanisani kichwani, vifurushi viwili vya miraa ya juzi kwenye mkoba: kimoja ndani ya majani, kingine ndani ya gazeti. Aliingia darasani bila kubisha akavifungua juu ya kitabu cha sarufi cha mwalimu. Ile ya gazeti ilikuwa imekauka kama ufagio.

"Haya, shika mwenyewe," akamwambia mwalimu. Mchungaji mmoja wa kanisa la Kianjokoma, tuliyesoma naye, akageuza uso ukutani asionekane karibu na miraa. Sisi wengine tulicheka mpaka machozi.

Mwalimu alishika. Lakini sheria hakuiacha.

"Cucu," akamwita, yaani bibi, "nimekubali. Sasa chanzo kinataka mwaka. Umechapishwa mwaka gani?"

Kiswahili cha mama mkwe ni cha sokoni. Yeye alisikia kuchapwa.

"Nilichapwa nikiwa darasa la pili," akasema, sauti imeshuka. "Niliongea Kimeru na ilikuwa imekatazwa. Nilichapwa mpaka nikashindwa kukaa. Sikurudi shule tena."

Nimeishi naye miaka kumi na saba na hilo sikulijua. Kila siku ya darasa alikuwa akinifukuza nyumbani nisichelewe, na mimi, mjinga, nilidhani amenichoka.

Mwalimu alikohoa. "Ulikuwa mwaka gani, cucu?"

Akautaja. Mwalimu akavuta karatasi yangu, akauandika mbele ya jina la mama mkwe, kisha chini kabisa akaandika kwamba nimepita.

Mama mkwe aliichukua akaigeuza huku na huku, kichwa juu, kichwa chini.

"Na mimi nimepita?" akaniuliza.

Nililia tu, mbele ya darasa zima.