Gunia la Nne

Magunia yale yalinuka dawa ya pamba. Wasichana wa chuo cha ualimu pale Musoma waliyaomba ghalani, wakayajaza mchanga wa ziwani, wakayalaza kwenye pembe nne za kiwanja. Jua likishayapata, harufu yake ilichanganyika na ya dagaa walioanikwa ng'ambo ya barabara. Mpaka leo nikipita karibu na ghala la pamba Bunda, namwona dada yangu Nyamisi akikimbia. Mchezo wenyewe uliletwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Amerika, miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Unapiga mpira kwa gongo, unazunguka magunia. Ukifika la nne, pale ulipoanzia, kabla ya mpira, umepata pointi. Gongo lilichongwa na seremala wa mjini, na wasichana waliliita mwiko.

Nyamisi alikuwa mfungaji wa netiboli, alishinda mbio, alirusha mkuki mbali kuliko wote chuoni. Mama hakushangaa. Kwetu Bugwema, Nyamisi ndiye aliyelinda mtama dhidi ya ndege. "Huyu alikuwaga hakosi," mama alisema, "jiwe lake likitoka, ndege ameshaanguka." Lakini mwaka ule ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuingia zizini mwetu. Angeolewa na mtoto wa Mzee Magoti wa Kabasa. Na kwetu, ng'ombe wakishaingia, binti hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, huacha njia, huingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Nilimwona akifanya hivyo siku ya mnada, kikapu kichwani, bila kupunguza mazungumzo.

Kisha wakaja wasichana wa chuo cha Mwanza. Timu itakayoshinda ingekwenda Dar es Salaam, na mchezaji bora angebakizwa huko asomee ualimu wa michezo. Nyamisi, ambaye alikuwa hajawahi kupanda treni, alikwisha kuazima sanduku. Baba alinichukua kwenda kutazama, akaja na Mzee Magoti, aliyekuwa ametoka kuuza pamba. Mzee alitafuta mahali pasipo na msongamano, akasimama na fimbo na kofia yake nyuma ya gunia la nne. Palikuwa wazi kwa sababu ndipo wakimbiaji walipoishia. Hakuna aliyemwambia asogee; nani amwondoe mzee?

Tulikuwa sawa kwa pointi Nyamisi alipoingia kupiga. "Huyo na mwiko wake akasonge ugali!" Mwanza walimzomea. Akapiga. Mpira ulikwenda hadi kwenye mikeka ya dagaa, kuku wakatawanyika. Akapita gunia la kwanza, la pili, la tatu, vumbi nyuma yake, chuo kizima kikipiga vigelegele. Hapo akainua macho. Aliacha mstari, akaingia majanini, akageuza mgongo, akasimama. Mpira ukarudi polepole, mkono kwa mkono, mpaka ukagusa gunia. Filimbi ikalia. Mwanza wakapata pointi yao baadaye, lakini sikumbuki jinsi gani.

"Umelea, bwana," Mzee Magoti alimwambia baba. "Binti ana adabu huyu." Baba alitabasamu.

Jioni tukiwa kwenye lori la kwenda nyumbani Bugwema nilimuuliza, "Dada, si ungefumba macho tu ukapita?"

"Ningepita wapi? Alikuwa njiani." Akanipa karanga. Aliporudi chuoni alirudisha sanduku la watu. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukingo wa Nyamisi ulikuwa na fimbo na kofia.

Alifundisha shule ya msingi Kabasa hadi kustaafu. Siku hizi wasichana wa Bunda wanakimbia na kaptura, na baba wakwe wanawapiga picha kwa simu. Mzee Magoti amelala katika kaburi la sementi, kati ya nyumba ya Nyamisi na bomba la maji. Likizo iliyopita nilikuwa kwa dada wakati mjukuu wake alipofukuza mpira, akapita juu ya sementi ile miguu mitupu, akaudaka.

"Bibi, umeona?"

"Nimeona," Nyamisi alisema. Kisha akachukua ndoo yake na kwenda bombani, akizungukia nyuma ya nyumba.